Shule ya Sanaa ya Makerere: maoni ya fundi wa mabango aliyempeleka binti yake kuangalia

Miaka 26 nimeandika mabango hapa Bukoba. Maduka ya dawa, saluni, migahawa, ubavu wa mitumbwi ya wavuvi, kuta za shule. Nilifundishwa kazi na fundi mmoja mkali, sasa ni marehemu, ambaye hakuwahi kunipa sababu ya jambo lolote. Alikuwa akisema tu, "Hiyo O imekonda." Nainenepesha. "Bado." Naongeza kidogo juu, naongeza kidogo chini. Siku ikikaa sawasawa, ananyamaza na kwenda zake kunywa chai. Nikajifunza kujua O imekaa lini. Kwa nini imekaa, hilo sikulijua mpaka mwaka huu, na nilikwenda kulijulia Kampala.

Binti yangu amemaliza kidato cha sita. Anachora tangu hajajua kusoma, na likizo zote za sekondari amenisaidia kujaza herufi. Alipotaja kwamba anataka kusomea sanaa chuo kikuu, ukoo ulikaa kikao. Shangazi yake akauliza kama nimeona kazi yangu inavyopungua tangu mashine za stika zilipoingia mjini. Nimeona. Bango ninalolifanya siku mbili, mashine inalitoa kwa nusu saa. Lakini nilijiambia sitamkataza mtoto kitu nisichokijua. Tulipanda basi, mimi na yeye, tukaenda kukiona Makerere, Kampala. Haya ni maoni ya mzazi na ya fundi, na nimeyaandika kwa ajili ya wazazi wenzangu walioko mahali nilipokuwa mimi miezi michache iliyopita.

Safari ni ya siku moja. Alfajiri Bukoba, asubuhi mpaka wa Mutukula, kisha Kyotera, Masaka, na pale Lukaya wauza nyama choma na ndizi za gonja wanalivamia basi kwa vijiti mikononi. Kayabwe tulivuka mstari wa Ikweta, binti akausimamia dirishani mpaka ukapotea. Basi letu liliharibika njiani na tukakaa kando ya barabara saa tatu, kwa hiyo tuliingia Kampala usiku. Anayekwenda aweke siku ya ziada.

Makerere iko juu ya kilima. Tuliingia kwa lango la upande wa Wandegeya, tukapanda taratibu chini ya miti yenye makorongo makubwa yenye upara, yale Waganda wanayaita kaloli. Yanasimama kama wazee wa baraza. Jengo kuu lenye mnara wa saa, lile lililoungua Septemba 2020, limejengwa upya na linang'aa. Chuo chenyewe kilianza mwaka 1922.

Nitangulize jambo moja, maana watu wengi hulichanganya. Shule hii si chuo kikuu kinachojitegemea. Inaitwa Shule ya Sanaa ya Margaret Trowell, na iko ndani ya Chuo Kikuu cha Makerere, ambacho ni cha umma, chini ya ndaki inayounganisha uhandisi, ubunifu, sanaa na teknolojia. Mwanzoni nilishangaa wachoraji kuwekwa nyumba moja na wahandisi. Baada ya kuona karakana nikakubali. Anayechomelea chuma kutengeneza sanamu na anayechomelea chuma kutengeneza mashine wanahitaji moto uleule.

Huyo Margaret Trowell alikuwa Mwingereza, mke wa daktari wa hospitali ya Mulago, Kampala. Mwishoni mwa miaka ya 1930 alianza kufundisha kuchora barazani kwake, na mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London. Mafunzo ya barazani yakawa shule. Nilimuuliza mwalimu mmoja aliyetupokea, alikuwa akifundishaje? Akaniambia aliwasimulia hadithi, au aliwataka wakumbuke shughuli ya nyumbani kwao, soko, harusi, mavuno, kisha wachore kile walichokiona kichwani. Hakutaka wanakili picha za Ulaya. Alipostaafu mwaka 1958 akaja Cecil Todd kutoka Afrika Kusini, naye akaleta mambo aliyokuwa ameyaepuka mama yule: historia ya sanaa ya Ulaya, nadharia ya rangi, mazoezi ya umbo.

Watu wanaosoma mambo haya wamegawanyika, wapo wa Trowell na wapo wa Todd. Mimi nimelifikiria sana kwenye basi la kurudi. Namheshimu mama yule, maana alimwambia mtoto wa Kiafrika kwamba kijiji chake kinatosha kuwa picha, wakati ambapo hakuna mwingine aliyekuwa akimwambia hivyo. Lakini mtoto ukimwambia achore kijiji chake tu, nacho ni kizuizi, hata kama kimejengwa kwa mapenzi. Nani alisema mtoto wa Machame asijue rangi ya bluu inasukumwa nyuma na rangi ya chungwa? Nimeona leo shule inafundisha vyote viwili bila kuomba radhi, na hapo ndipo iliponipata.

Nimetaja Machame kwa sababu. Shule hii haikuwa ya Waganda peke yao hata siku moja. Wakati Makerere, Nairobi na Dar es Salaam zilipokuwa chuo kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, 1963 hadi 1970, wengi waliotaka sanaa walikuja hapa, na hata kabla ya hapo. Sam Ntiro wa Machame alisoma hapa, akafundisha hapa, kisha akawa balozi wetu London baada ya uhuru. Picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku iko kwenye jumba la sanaa ya kisasa la New York. Sisi Wahaya tunaijua pombe hiyo, na tunajua mwendo wa mtu aliyeibeba asiimwage. Elimo Njau wa Marangu alisoma hapa, ndiye aliyechora kuta za kanisa la Murang'a kule Kenya, na mwaka 1965 akashiriki kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, Nairobi. Gregory Maloba, mchongaji mzaliwa wa Mumias, Kenya, alisoma na kufundisha hapa. Theresa Musoke aliacha mchoro ukutani kwenye bweni la wasichana la Mary Stuart.

Aliyenigusa kuliko wote ni Rosemary Karuga wa Kenya, msichana wa kwanza kusoma katika shule hii, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Alirudi kwao akawa mwalimu, na uzeeni akaanza kutengeneza picha kwa vipande vya karatasi alivyovikata kwenye pakiti za unga na za sabuni. Hakuwa na pesa ya rangi. Ukitazama picha zake za wanawake na wanyama unaiona njano ya pakiti imekuwa jua na nyekundu ya chapa imekuwa kitenge. Mimi nimeishi kwa rangi za matangazo maisha yangu yote. Sikuwahi kufikiria kwamba mtu anaweza kuzirudisha ziwe uso wa binadamu.

Sasa karakana. Tulikwenda siku ya kazi, katikati ya wiki, na hilo nalishauri, maana shule ya sanaa ikiwa haina watu huwezi kujua chochote. Kuna uchoraji, uchongaji, ufinyanzi, vitambaa, uchapaji, vito na kazi za madini, na upande wa ubunifu wa mawasiliano ambako wako kwenye kompyuta. Ufinyanzi nilipita haraka, ingawa binti alibaki akimtazama msichana mmoja akikanda udongo kama unga wa mandazi, akiupiga mezani kutoa hewa. Mwalimu akasema bonge lenye hewa, likibaki na unyevu ndani, linaweza kupasuka tanurini na kuvunja vyombo vya wenzako. Basi ukandaji ule ni adabu pia.

Nilikaa zaidi kwenye herufi. Kijana wa mwaka wa pili, Mkenya wa Busia, alikuwa na karatasi kubwa ukutani, na juu yake alikuwa akichora alfabeti nzima kwa penseli. Aliposikia natoka Bukoba akabadili lugha papo hapo.

"Shikamoo mzee. Karibu uone."

"Marahaba. Mbona O yako imevuka mstari?"

Nilimuuliza kwa makusudi. Nilitaka kujua kama naye aliambiwa tu "nenepesha" na fundi wake. Akachukua rula.

"Angalia hapa, mzee. H inagusa mstari wa juu kwa upana wake wote. O inagusa kwa nukta moja tu, pale kilele cha duara. Jicho halihesabu nukta, kwa hiyo linaiona O ni fupi hata kama kipimo ni kilekile. Tunaivusha kidogo juu na kidogo chini ili jicho liione sawa."

Kisha akanionyesha kwamba A yenye ncha inafanyiwa hivyohivyo kileleni, na kwamba nafasi kati ya A na V haipimwi kwa rula, inapimwa kwa eneo jeupe linalobaki katikati. Yote hayo mkono wangu unayafanya. Nimeyafanya kwenye mabango mamia. Nilisimama pale nikimsikiliza kijana wa umri wa mwanangu akinipa sababu za maisha yangu, na sioni aibu kusema kwamba nilitoka nje kidogo nikasimama peke yangu.

Hiki ndicho ninachotaka wazazi wakisikie. Mashine ya stika ilinishinda kwa sababu mimi nilikuwa na mkono tu. Mteja akiniuliza kwa nini bango langu ni bora, sina la kumjibu zaidi ya "tazama". Kijana yule ana mkono, ana kompyuta, na ana maneno. Anaweza kukaa mbele ya mwenye kampuni akamweleza kwa nini herufi hii na si ile, kwa nini rangi hii itasomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Ada ya chuo inalipia hayo maneno. Kuchora, mtoto mwenye kipaji atachora hata nyumbani.

Upande wa vitambaa nilikuta kitu kingine cha kwetu. Juu ya meza ndefu walikuwa wametandaza lubugo, kile kitambaa cha gome la mti wa mutuba. Bibi yangu alikuwa akisimulia habari zake, kwamba zamani Wahaya nao walivaa nguo za gome, lakini mimi sikuwahi kukigusa. Kinakwaruza kidogo kama ngozi, rangi yake ni ya udongo mwekundu, na kina harufu ya moshi na majani makavu. Gome linabanduliwa, shina linafungwa kwa majani ya mgomba ili liote gome jipya, na lile lililobanduliwa linapigwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, mifereji mipana kwanza, myembamba baadaye, mpaka kipande chembamba kinapanuka mara kadhaa. Mwaka 2005 UNESCO iliitambua kazi hii kuwa urithi wa binadamu. Waganda huzikia wafu wao kwa lubugo, na wafalme wao huivaa wakitawazwa.

Binti yangu aliona kitu ambacho mimi sikukiona. Kitambaa kilikuwa na viraka, vidogo vya duara, vimeshonwa kwa nyuzi za majani makavu, na mishono imepangwa kama miale ya jua. Aliuliza ni mapambo? Msichana aliyekuwa akifanya kazi pale akamwambia hapana, pale palikuwa na tundu la tawi. Gome lilipopigwa tundu likapanuka, na fundi wa kijijini akalitia kiraka. Yeye sasa anakichapa kitambaa kizima, na ameamua viraka vyote viachwe wazi, wino usivifunike, maana ndipo mti ulipotoa mkono. Walizungumza wale wawili zaidi ya nusu saa, kwa Kiingereza na kwa vidole. Mimi nilikaa kwenye benchi nikanyamaza. Nilijua kikao cha ukoo kimekwisha.

Kabla ya kushuka kilimani omba ruhusa uingie maktaba kuu ukaone sanamu ya Francis Nnaggenda, Majeruhi wa Vita. Aliichonga kati ya 1983 na 1986, wakati Uganda inauana, kutoka kwenye gogo kubwa la mti. Ni mwili uliokatika viungo, na bado umesimama. Ukiisogelea unaona alama za patasi hazikusuguliwa zikapotea. Ameziacha, na nyufa za mti zimepita humohumo kwenye mwili. Nimeona kazi nyingi za mpingo zilizong'arishwa kwa ajili ya watalii. Hii haijang'arishwa kwa ajili ya mtu yeyote. Wanafunzi wanapita na mikoba wakienda kusoma uchumi na sheria, na kila siku wanapita mbele yake. Sijui shule nyingine iliyoweka jambo zito kama hilo mahali ambapo huwezi kulikwepa.

Jumba la maonyesho la chuo, lililofunguliwa mwaka 1969, nalo lipo palepale kilimani. Hatukudaiwa kiingilio. Na mjini, usiondoke bila kupita kwenye Mnara wa Uhuru wa mwaka 1962, kazi ya Maloba. Mama amesimama wima, amefungwafungwa nguo mwilini, amemnyanyua mtoto, na mtoto ameinua mikono juu. Nilimwambia binti, huyu aliyechonga alikuwa mwanafunzi pale tulipotoka, na alivuka mpaka kuja kama wewe. Hakunijibu, alikuwa akiuchora.

Kwa anayefikiria kumpeleka mtoto, nina machache. Lugha ya kufundishia ni Kiingereza, na Kampala mitaani ni Kiluganda. Kiswahili utakipata kwa Wakenya, kwa Watanzania wenzako na kwa askari, basi mtoto ajiandae. Vyeti vyetu vya Tanzania vinahitaji kulinganishwa na vya Uganda, kwa hiyo nenda na nakala zilizothibitishwa, uulize ofisi ya usajili mapema, usingoje wiki ya mwisho. Ada ya kozi si gharama yote. Sanaa inakula vifaa, brashi, karatasi nene, turubai, rangi, udongo, vitambaa, na mzazi asiyepanga hilo atamtesa mtoto katikati ya muhula. Mimi nimeanza kuweka fungu la vifaa peke yake, kila bango moja kati ya matano.

Si kila mtoto. Kama wako anataka ufundi wa haraka wa kuanza kula mwezi ujao, mtafutie fundi wa mtaani, atajifunza vizuri na kwa heshima. Kama moyo wake uko kwenye ngoma, uigizaji na muziki, Bagamoyo kuna taasisi ya umma ya sanaa na utamaduni, TaSUBa, na ni nyumbani. Makerere ni kwa yule ambaye ukimpa O iliyokonda hawezi kulala mpaka ajue kwa nini.

Tulinunua kipande cha lubugo mjini, mita moja na ushee, tukakivingirisha kwenye gazeti. Sasa kiko juu ya meza yangu ya kazi. Binti anataka kukiandikia jina la duka la mama yake kabla fomu hazijatoka. Wino wa maji umesambaa kama chai kwenye karatasi ya choo. Rangi ya mafuta imekaa juu, haishiki. Jana amejaribu kukipaka kwanza uji mwepesi wa muhogo na kukianika, na asubuhi hii O ya kwanza imesimama, imevuka mstari juu na chini, na tundu moja lenye kiraka liko katikati yake.